Saini ya Mmoja, Uhamisho wa Nyumba Nzima



Wapenzi wa soka mliomo ukumbini mnaujua usajili: klabu mbili zikielewana bei, mchezaji akikataa, hakuna uhamisho. Katika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni yenye timu 25 za Marekani na 7 za Kanada, mambo ni mengine. Klabu hubadilishana mikataba, na mwenye mkataba huufuata. Asiporipoti, anaweza kusimamishwa bila mshahara.

Msimu huanza karibu na Oktoba. Pazia la kubadilishana wachezaji hufungwa karibu na mwanzo wa Machi, watoto wakiwa katikati ya masomo. Mchezaji hupigiwa simu, akafunga begi lake, akawahi ndege, kwa kuwa timu mpya ina mechi. Anayebaki na mzigo ni mke: kufungasha nyumba, kumalizana na mwenye nyumba, kutafuta shule na daktari wa watoto katika mji asioujua. Klabu hulipa gharama za kuhama, lakini haiwezi kumlipia mtoto marafiki aliowaacha darasani.

Mpaka wa nchi huongeza uzito. Mke asiye Mmarekani, akiingia Marekani kwa viza ya kumfuata mume mwanamichezo, haruhusiwi kufanya kazi. Hivyo mume akipelekwa Chicago kutoka Toronto, ajira ya mke inaweza kuishia hapo.

Mtaniambia: fedha zao ni nyingi. Kweli, na wapo wanaonufaika. Tarehe 24 Januari 2025, Mikko Rantanen, Mfini aliyetwaa Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, na klabu ya Colorado mwaka 2022, alipelekwa Carolina. Hakusaini mkataba mpya huko. Tarehe 7 Machi akapelekwa Dallas, akasaini miaka 8 kwa dola milioni 96. Majimbo matatu ndani ya wiki sita! Lakini Rantanen alikuwa nyota, tena mkataba wake ulikuwa ukingoni. Alikuwa na cha kujadilia.

Asiye na jina hana. Kwa makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji, kipengele cha kuzuia kuhamishwa hupatikana kwa aliyefikisha miaka 27 au misimu 7, na hata hapo klabu lazima ikubali kukiandika. Baba wa miaka 23, mwenye mtoto mchanga na nafasi ya kubahatisha kikosini, hana kinga hiyo. Anayeihitaji zaidi ndiye aliyenyimwa.

Rai yangu ni kwamba haki ya kukataa uhamisho wa katikati ya msimu iwe ya kila mwenye watoto, bila kutazama umri wala umaarufu. Nanyi wanafunzi wa sheria za kazi, mkipewa mkataba muupime, msiishie kwenye mshahara. Ulizeni ni watu wangapi watakaohamishwa na saini hiyo moja, na nani kati yao aliulizwa.