Sikukuu Katika Nyumba Yenye Msiba
Hotuba ya Karani katika Mkutano wa Mwaka, Nakuru



Kabla ya kusoma hesabu, nataka kuungama kosa langu mbele yenu.

Mwaka jana, nilipoandika barua za mwaliko wa karamu yetu ya Krismasi, nilifuata daftari la ada. Mwenzetu mmoja alikuwa amefariki mwezi wa Agosti, nami nilikuwa nimelikata jina lake kwa wino mwekundu. Basi nyumba yake haikupata barua. Mjane wake alikaa mlangoni pake akisikia nyimbo zetu. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mwanangu, matangani mlikuja nyote. Sikukuu ndiyo iliyonionyesha kwamba tulikufa nyumba nzima."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Siku za kilio nyumba hujaa watu. Sikukuu ifikapo, watu wamekwisha kutawanyika, na hapo ndipo pengo huonekana.

Kwetu huku mwisho wa mwaka una uzito wake. Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007, na ghasia zilizofuata, ambazo ziliufikia mji huu Januari 2008, ziliua watu zaidi ya 1,100 katika Kenya. Tena tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana Migaa, katika barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, wakafa watu wasiopungua 36. Kwa jamaa zao, Mwaka Mpya huingia pamoja na kumbukumbu ya msiba.

Wahenga walisema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Maana yake, mfiwa ndiye atuongozaye. Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu.

Kwanza, mwanachama akifariki, nyumba yake ibaki daftarini, na barua za mwaliko ziendelee kupelekwa.

Pili, kabla ya sikukuu wanachama wawili wamtembelee mfiwa, wamwulize apendavyo: kuja, kuja kwa kitambo kidogo, au kubaki nyumbani. Akibaki, apelekewe chakula, wala asilaumiwe. Akija, asilazimishwe kuimba wala kucheka.

Tatu, tusiogope kulitaja jina la marehemu karamuni. Wako wasemao kwamba kumtaja ni kutonesha kidonda. Lakini mama yule aliniambia kwamba kilichomwumiza ni kimya chetu.

Furaha ya watoto wetu haitapungua kwa kuwa mzee mmoja amesimama akamkumbuka mwenzake kwa maneno mawili.

Daftari ninalo hapa mkononi. Jina lile nimekwisha kuliandika upya. Naomba ruhusa yenu nisikate jina jingine tena.