Tope la Mikoko

Msikilizaji, leo tushuke chini ya mikoko, kwenye lile tope jeusi linalonuka kama yai viza. Tusilidharau.

Bahari hujaa na kupwa, lakini tope la mikokoni hubaki limeloa, na oksijeni haipenyi ndani. Pasipo oksijeni, vijidudu vinavyoozesha majani na mizizi hufanya kazi polepole mno. Baadhi yao hutoa gesi yenye salfa, na hiyo ndiyo harufu tunayoisikia. Kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani huzikwa humo kwa karne nyingi. Fyeka mikoko, chimba mabwawa ya kamba au ya chumvi, na oksijeni itaingia, uozo utashika kasi, kaboni itarudi angani.

Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji pamoja na jirani zao wa Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Fedha zimeingia kwenye maji safi na shule. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe.

Nawe unayetaka kupanda, usichomeke miche popote penye tope. Kila aina ya mkoko ina mahali pake: mlilana huvumilia ukingo wa bahari. Mkandaa hukaa juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Ukiupanda mche pasipo pake, mara nyingi mche huo hufa. Na pale njia za maji zilipozibwa, anza kwa kuzifungua: mara nyingi mbegu huja zenyewe na bamvua.