Matanga Yaliyokatizwa na Korona



Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Kuanzia tarehe 27 Machi ikaja kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mazishi nayo yakawekewa kikomo cha watu 15.

Masharti hayo yalinuiwa kuokoa maisha, lakini yaliacha majeraha yasiyoonekana. Kibarua alilala bila kujua watoto watakula nini kesho. Mjane alizika mumewe mchana, na usiku hakukuwa na wa kukesha naye matangani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 ulimwenguni.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Huzuni haiondolewi kwa tangazo.

Hata hivyo, wengi walistahimili, na si kwa kuwa na roho ngumu. Walishikwa mkono. Wanachama ambao hawakuweza kukutana walichanga kwa M-Pesa. Jirani alisimama langoni na barakoa yake akauliza, "Mmeamkaje?" Swali hilo dogo lilikuwa dawa.

Mtu akikosa usingizi kwa majuma mawili, akipoteza hamu ya chakula, akijitenga au akizidisha pombe, hajarogwa wala si mvivu. Asiambiwe ajikaze. Asikilizwe, kisha asindikizwe hadi zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo; msaada utafutwe papo hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na familia zilizozika kwa haraka hazijachelewa. Zinaweza kukusanyika hata leo, zikamtaja marehemu kwa jina, zikasimulia aliyoyatenda, zikamwombea na kulia pamoja. Machozi yaliyozuiwa wakati ule bado yana haki yake.

Kabla ya jua kutua, kila mmoja amuulize jirani yake hali. Akijibiwa "mzima tu," asiondoke upesi. Aketi kidogo, angoje jibu la pili.