Mlinzi Chini ya Jani: Hotuba ya Kamati ya Bustani



Sisi wa kamati ya bustani tumepewa dakika chache tu. Mnajua kiangazi kikiingia vidukari hujaa kwenye sukuma wiki, na papo hapo maombi ya mkopo wa dawa yanafika kwa mweka hazina. Kabla sanduku halijafunguliwa tunaomba jani ligeuzwe kwanza.

Pengine mtaona vijiyai, kila kimoja juu ya kijiuzi chembamba kama unywele. Wengi hudhani ni ukungu, wakavifuta. Jamani, msivifute! Ni mayai ya yule mdudu wa kijani mwenye mabawa kama wavu na macho ya dhahabu, anayekuja kwenye taa usiku. Watoto wake ni walafi hata hulana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana kila yai limetengwa na mwenzake.

Mtoto akianguliwa hafanani na mama hata kidogo. Ni kama mamba mdogo wa kahawia, taya zimepinda kama koleo. Humchoma kidukari, humtia mate ya kuyeyusha nyama, kisha humfyonza mpaka libaki ganda. Kwa majuma mawili au matatu hivi anamaliza mamia. Utitiri, nzi weupe na mayai ya nondo pia hawaachi.

Sasa dawa kali haibagui, inaua kidukari pamoja na mlaji wake. Kidukari jike huzaa bila dume, tena watoto hai, basi yeye ndiye wa kwanza kurudi na bustani haina mlinzi. Hapo mkopo wa pili unaombwa kabla wa kwanza haujalipwa.

Hatusemi anaweza kila kitu. Kiwavi anayekata miche usiku hamwezi, na vidukari wakishafunika shamba zima yeye atachelewa. Majani yaliyojaa tuyachume tuyafukie, na yenye wachache tuyaoshe kwa maji matupu.

Mdudu mzima naye hupenda chavua na maji matamu ya maua. Kwa hiyo tusing'oe dhania yote. Mistari ya ukingoni iachwe itoe maua. Mbegu ziko kwa katibu, pale mlangoni. Kila mwanachama achukue kijiko kimoja akitoka, na jina liandikwe daftarini.