Tangi la samaki na mtungi wa bibi

Ndugu wasikilizaji, nawaomba radhi wale mliofungua redio mkitarajia nizungumzie nauli za daladala au bei ya unga. Leo nazungumzia samaki, na wala si samaki wa Feri wa kukaangwa kwa ndimu na pilipili. Ni samaki wa kutazamwa. Najua wapo watakaocheka. Jirani yangu mmoja alipoliona tangi sebuleni kwangu aliuliza kwa heshima zote, "Sasa hawa wanaliwa lini?" Nikamwambia hawaliwi. Akatikisa kichwa, akaaga.

Habari yenyewe ilianza Januari. Binti yangu alikuwa amefaulu upimaji wa darasa la nne, na mjomba wake, ambaye hajui kutoa zawadi ndogo, akamletea tangi la kioo la lita 40, pampu ya hewa, konokono mmoja na samaki watatu wa dhahabu. Hawa ni wale samaki wekundu wekundu wenye mkia wa shela, wenye asili ya China, ambako watu wamewafuga kwa zaidi ya miaka 1,000. Binti akawapa majina. Mwenye kuwapa majina samaki, ndugu msikilizaji, amekwisha kuwafanya ndugu zake, na baba mwenye nyumba hana tena la kusema.

Ikaja Februari. Aliyekaa Dar es Salaam anaijua Februari yetu: shuka linalowa usiku, na maji ya bomba yanatoka kama yametengwa jikoni. Kipimajoto cha tangi kilisoma nyuzi 32. Samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi, anapenda nyuzi 18 hadi 23 hivi. Wetu walipanda juu wote watatu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema kama abiria wa basi lililojaa wanaotafuta dirisha.

Sababu yake si ngumu. Maji yanapopata joto hushika hewa kidogo. Lita moja ya maji baridi, yenye nyuzi 20, inaweza kushika miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hushika kama saba na nusu tu. Wakati huohuo mwili wa samaki, kwa kuwa hufuata joto la maji, unakwenda mbio zaidi na kudai hewa zaidi. Yaani matumizi yamepanda na mshahara umeshuka, jambo ambalo sina haja ya kuwafafanulia wakazi wa mji huu.

Asubuhi moja tukamkuta mmoja ameelea ubavu. Binti hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Baba, si wewe kila wiki unawaambia watu redioni mambo ya kufanya?"

Basi nikaanza kutafuta mashine ya kupoza maji. Mashine hizo zipo, nchi za wenzetu zinauzwa madukani. Ndani yake mna kompresa kama ya friji na koili ya titani ambayo maji hupita. Bei yake, nilipoulizia, ilikuwa ya kunifanya nishukuru na kukata simu. Kwa hiyo nikaamua kutengeneza yangu. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si ya ufundi. Lakini ujasiri wa mwandishi wa habari mnaujua.

Jaribio la kwanza lilikuwa barafu. Nilijaza maji kwenye chupa ya plastiki, nikaigandisha, nikaitumbukiza tangini ikiwa imefungwa. Maji yakashuka kutoka nyuzi 32 hadi 26 katika muda usiotimia saa moja. Nikafurahi peke yangu. Samaki walikwenda mrama kama walevi, kwa kuwa mwili wao hauwezi kufuata mwendo huo. Nyuzi moja kwa saa inawatosha kabisa. Na barafu ilipoyeyuka, joto likarudi palepale, ikabidi chupa nyingine. Huo si ufugaji, ni kazi ya zamu hospitalini.

Nikaenda Kariakoo. Kijana mmoja muuza vifaa vya umeme akanionyesha kibati cheupe cha mraba, upana wa sentimita nne, chenye nyaya mbili. Akaniambia, "Mzee, hiki ukikipa umeme wa volti 12, upande mmoja barafu, upande mwingine moto." Hakudanganya. Ndicho kibati cha Peltier, kwa jina la Mfaransa Jean Peltier aliyeigundua tabia hiyo mwaka 1834, na ndicho kilichomo kwenye vijifriji vya ndani ya magari. Tatizo ni kwamba kibati hakiliui joto, kinalihamisha tu. Kinalitoa majini na kulimwaga upande wa pili, pamoja na joto la umeme wake chenyewe, na umeme kinaokula kwa kazi ya namna hii ni mwingi kuliko joto kinaloondoa. Upande wa pili ulikuwa ni sebule yangu. Nilikirudisha mezani kwake, nikamshukuru.

Hapo ndipo nilipokutana na fundi friji, na hapa ndipo pa kosa langu. Fundi ni hodari, sina neno naye. Nilimweleza ninachotaka, akasema, "Hilo dogo, bosi." Akachomoa bomba la shaba nyekundu kwenye friji bovu, akalikunja koili, akaliweka ndani ya deli, lile boksi la kuhifadhia baridi wanalotembea nalo wauza aiskrimu. Deli tukalijaza barafu. Pampu ndogo ikawa inavuta maji ya tangi, inayapitisha ndani ya koili, inayarudisha tangini. Tulipopunguza kasi ya pampu maji yalishuka taratibu, nyuzi 31, 30, 28, hadi 25. Samaki wakashuka chini, wakaanza kula. Binti akawaita wenzake wa mtaa mzima waje kuona mashine ya baba. Nakiri nilitembea kifua mbele.

Siku ya pili konokono akabanduka kwenye kioo, akaanguka, hakuinuka. Tukadhani ni uzee. Siku ya tatu samaki mmoja akawa na utelezi mwingi mwilini, anahema haraka ingawa maji ni baridi na hewa inabubujika. Jioni akafa.

Mtaani kwetu yupo mzee mstaafu wa idara ya uvuvi. Nilimwendea usiku, nikamsimulia. Akaniuliza swali moja tu: "Bomba lako ni la nini, mwanangu?" Nikamwambia la shaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umewawekea sumu."

Naam. Binadamu anakunywa maji yaliyopita kwenye bomba la shaba na hadhuriki, lakini samaki hanywi maji tu, anayavuta kupitia mashavu yake mchana kutwa. Shaba inayoyeyuka kidogo kidogo majini huyaunguza mashavu hayo. Konokono ndio hawaiwezi kabisa, na ndiyo maana alitangulia. Angalizo lilikuwa limetolewa kwenye kioo na mimi sikulisoma. Nami nilikuwa nayapitisha maji yaleyale, lita 40 tu, ndani ya bomba lile usiku na mchana. Wale wa viwandani hawatumii titani kwa kupenda fahari.

Mzee hakuishia hapo. Alisema pia kwamba tangi lile ni dogo mno kwa samaki watatu wa aina ile, kwamba mjomba mtu alipaswa kuambiwa dukani, na kwamba ukitaka samaki wa nchi ya joto uchukue samaki wa nchi ya joto. Akacheka. Alifanya kazi Kigoma. Anasema Wazungu wananunua samaki wadogo wenye rangi wa Ziwa Tanganyika, wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27, wanawapeleka Ulaya na kuwanunulia hita ili wasife kwa baridi. "Na wewe uko Dar es Salaam, umemnunua wa baridi, unatafuta friji. Dunia inahangaika."

Nilirudi nyumbani nikamweleza binti ukweli wote, kwamba ni mashine ya baba iliyomuua. Ilikuwa vigumu kuliko kusoma taarifa yoyote niliyowahi kusoma studio. Aliuliza kama mmoja aliyebaki naye atakufa. Nikasema sijui. Usiku uleule tulibadilisha maji, kidogo kidogo, kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili klorini ipungue.

Sasa, mzee ndiye aliyenikumbusha mtungi. Wengi wenu mmelelewa na mtungi. Bibi yangu aliuweka pembeni pa mlango wa uani, juu ya mchanga, mahali panapopita upepo, na nje mtungi ulikuwa umetoka jasho saa zote. Tukiuhamishia ndani, alitugombeza. Sikujua kwa nini. Maji yanapenya vitundu vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto la wenzake waliobaki. Upepo ukikosa, mtungi haupoi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya kimataifa kwa kutumia kanuni hiyohiyo: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, na mboga zikakaa siku nyingi bila kuoza. Bibi yangu hakupata tuzo.

Kwa hesabu ya darasani, lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto linalotosha kushusha lita 40 kwa nyuzi kama 14, kama joto jingine lisingekuwa linaingia. Bila shaka linaingia, chumba chenyewe ni tanuri. Lakini mnaona ukubwa wa nguvu iliyomo ndani ya jasho la mtungi.

Kwa hiyo mashine yangu ya mwisho ni hii. Feni moja ya kompyuta kuukuu, ya sentimita 12, ya volti 12, inayokula umeme mdogo kuliko taa. Adapta ya redio mbovu. Kifuniko cha kioo niliondoa, nikaweka wavu wa dirisha wa kuzuia mbu uliokazwa kwenye fremu ya mbao, na feni nimeifunga juu yake kwa waya, imeinama ili upepo upite juu ya uso wa maji badala ya kuyapiga kwa wima. Basi. Hakuna koili, hakuna barafu. Maji yalitoka nyuzi 32 yakatua 28 na nusu, yakakaa hapo.

Najua 28 si 22. Sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Feni haiwezi kupoza kupita kiasi ambacho hewa yenyewe inaruhusu, na hewa ya pwani imeshiba maji. Siku za masika, kila kitu kinaponata, feni yangu inazunguka bure. Ndugu zetu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, watafaidi zaidi kwa feni hiihii. Lakini pamoja na pampu ya hewa, na samaki mmoja badala ya watatu, nyuzi tatu na nusu zilitosha kumshusha kutoka juu ya maji.

Maji yanapungua kama nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Huongezwa yaliyolala kwenye ndoo. Na usiridhike kuongeza tu, kwa sababu mvuke unaondoka peke yake, chumvi na uchafu vinabaki. Kila wiki toa robo ya maji uweke mapya.

Kuhusu umeme nitasema kwa ukali. Siku ya kwanza niliweka ekstensheni sakafuni chini ya tangi. Tone likateremka kwenye waya, likafuata waya hadi kwenye soketi, na nilipogusa nikapigwa shoti iliyonikalisha chini. Angekuwa ni binti. Sasa soketi iko juu kuliko tangi, kila waya unaning'inia kwanza chini ya soketi kabla ya kupanda ili tone lidondoke hapo, na hakuna mkono unaoingia majini kabla plagi haijachomolewa. Nyumba yenye swichi kuu inayojizima umeme unapovuja ina bahati. Yangu haikuwa nayo, nimeiweka.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku. Feni ikanyamaza, pampu ikanyamaza. Baada ya muda nikaona mwanga wa tochi sebuleni. Binti amekaa kwenye kigoda kando ya tangi, ameshika kipepeo cha ukili tunachopepelea mkaa, anapepea uso wa maji. Daftari la hesabu liko pajani, ameandika saa na nyuzi: saa mbili na nusu, 29, saa tatu, 29, saa tatu na nusu, 29. Nikamwambia akalale, kesho shule. Akanitazama, akanipa kipepeo.

"Zamu yako, baba. Usiache kuandika."

Umeme ulirudi saa saba na robo.

Hadi wiki ijayo, saa kama hizi, nawatakia usiku mwema.