APIGIWE HODI KABLA YA KUPIGWA FAINI

(Maneno yaliyosemwa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kakuma)

Najua wengine mmetembea kutoka Kalobeyei na jua mmeliona.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala mbuzi. Tumekuja kuzungumza juu ya mtu ambaye yuko kwenye kikundi chako, jina lake liko kwenye kitabu, lakini moyo wake hauko. Na tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa maana si vizuri kuonyesha wengine kibanzi.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama wa kusuka vikapu. Wengine ni Waturkana wa hapa, wengine ni wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Mama mmoja mkimbizi alianza kuchelewa. Tukampiga faini ya shilingi ishirini, kama katiba ya kikundi inavyosema. Akakosa mkutano, tukamwongeza faini. Akakosa tena. Tukasema huyu ni mvivu, anapenda vya bure. Sisi wahudumu, watu wa kusomea kazi hii, tuliandika kwenye kitabu: "Hahudhurii." Basi. Mwezi wa pili tukalifuta jina lake.

Mzee mmoja mama wa Kiturkana ndiye aliyekwenda kumpigia hodi. Hakutumwa na mtu. Alimkuta amekaa gizani, hajapika, na watoto wamelala njaa na unga uko ndani. Lugha yao ilikuwa Kiswahili kidogo tu. Huyo mama alikaa chini, akatoa ukindu, akasuka. Kesho akarudi. Siku ya nne yule mkimbizi alifunua mkeka akamwonyesha sumu ya panya aliyokuwa ameinunua. Hakuinunua kwa ajili ya panya.

Jamani, sisi tulikuwa na kitabu cha mahudhurio, na hatukujua. Yule mama hakuwa na kitabu.

Tulipomwuliza alijuaje, alituambia kwamba ukame ulipomaliza mbuzi wake, yeye pia alikaa miezi bila usingizi, akisikia kengele za mifugo ambayo haipo. Mnakumbuka miaka hiyo, mvua ilikosa msimu baada ya msimu, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amekilalia.

Kwa hiyo, wapendwa, tusiseme haya ni mambo ya wakimbizi. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, ikapokea vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Leo wenyeji na wageni tunachota maji pamoja, tunauziana kuni na unga. Mwaka 2025 chakula cha msaada kilipopunguzwa sana, duka la mwenyeji nalo lilikosa wanunuzi. Mzigo wa mkimbizi ukianguka, unaangukia jirani pia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu watano waliopitia vita katika miaka kumi, mmoja ana tatizo fulani la afya ya akili. Hesabuni wenyewe. Kikundi cha watu ishirini na watano wa namna hiyo kinaweza kuwa na watu watano. Wengi wao si "wenda wazimu" wa kuokota makaratasi sokoni. Ni watu wanaokuja na kukaa kimya nyuma.

Sasa tutamjuaje? Hebu tuangalie dalili. Hapati usingizi, au anaogopa kulala kwa sababu ya ndoto. Anaumwa kichwa, mgongo au tumbo, na dawa za zahanati hazisaidii. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka. Ameacha kuoga, kupika, kusalimia. Baba ameanza kulala kwenye pombe. Mtoto mkubwa ameanza kukojoa kitandani. Dalili moja si ugonjwa, lakini zikiwa nyingi na zikikaa majuma, usinyamaze. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tukishamjua, tufanye nini? Tuna mambo matano.

Kwanza, nenda. Nenda wewe mmoja au wawili, msiende kikundi kizima kama baraza la chifu. Salimia, kaa chini, fanya kazi ya mikono mkizungumza.

Pili, sikiliza, lakini usimchimbe. Usimwambie, "Tueleze vile waliuawa." Kumlazimisha mtu kusimulia vita kunaweza kumwumiza upya. Akisema, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye. Na usimwambie, "Wewe afadhali, wengine walifiwa na wote." Hakuna mizani ya kilio. Atakayokwambia yakae kwako, yasifike kisimani. Lakini maisha yakiwa hatarini, mwambie wazi kwamba utatafuta msaada.

Tatu, ukiogopa kwamba anataka kujiua, mwulize waziwazi: "Mama, umefikiria kujiua?" Wengi wetu tunadhani swali hilo litampa wazo. Sivyo. Linampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na aliyejaribu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi msifiche.

Nne, jueni njia ya hospitali kabla hamjaihitaji. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu ni nani? Kliniki ya afya ya akili iko siku gani? Anayesikia sauti au mwenye kifafa hahitaji kufungwa kamba wala kuchapwa ili pepo watoke. Ana ugonjwa, na dawa zipo. Tutamwombea, ndiyo, sisi ni watu wa sala, lakini asiambiwe atupe vidonge kwa kuwa ameombewa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuua.

Tano, mrudishe kazini polepole. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mpe jembe analoweza kuinua. Asiye na nguvu ya kusuka kikapu kizima asuke kitako. Mwacheni kwenye mzunguko wa pesa, hata akichanga kidogo.

Mtasema, "Sisi si madaktari." Kweli. Lakini sikilizeni habari ya majirani. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini waliingia katika utafiti uliotolewa 2020. Baadhi yao walikusanywa kwa vikundi, mikutano mitano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, jinsi ya kutuliza mwili na kuishi na mawazo mazito. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walifundishwa kwa muda mfupi tu. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mikutano hiyo. Waliketi pamoja, kama ninyi mnavyoketi hapa.

Na wewe unayesikiliza wengine, nani anakusikiliza? Gawaneni zamu. Debe likijaa humwagika.

Mnauliza yule mama yuko wapi. Hospitali ilimpa dawa, na rafiki yake alimsindikiza kila tarehe ya kliniki. Bado ana siku mbaya. Ziko siku anasuka na kufumua. Lakini yuko, na watoto wake wanakula. Nasi tulikwenda kwake kuomba msamaha na kurudisha faini zake, shilingi themanini. Alizihesabu, akacheka kidogo, akasema tumechelewa, na sisi tulipe faini. Tulilipa.

Ombi letu ni moja. Mkirudi, fungueni katiba ya kikundi, pale penye faini, mwongeze mstari: mwanachama akikosa mikutano miwili, apigiwe hodi kabla ya kupigwa faini. Andikeni na jina la atakayekwenda. Tusipoandika jina, hakuna atakayekwenda.