Pumzi Inaporudi: Pumziko la Nafsi katika Maandiko Matakatifu

Mhadhara wa umma

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wachungaji, mapadri na watawa, masheikh mliotuheshimu kwa kuja, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana: poleni na kazi.

Nashukuru mmeitikia. Wengine mmesema "asante", na kule nyuma nimesikia "tumeshapoa". Ni jibu la adabu, nami nalipokea. Lakini tukiulizana kwa ukweli, ni wangapi humu ukumbini tumepoa kweli? Tunaamka tumechoka, tunalala tumechoka zaidi, na katikati tunapeana pole. Mtu akikaa kivulini mchana, majirani humtazama kwa jicho la kuuliza. Hata neno lenyewe tumeligawa kwa ubahili. Tunamtakia pumziko marehemu, wala hakuna anayemwita mvivu. Walio hai tunawaambia wakaze mwendo.

Jioni ya leo nataka tuyasome Maandiko ya Kikristo kwa swali moja: pumziko ni nini, na ni la nani? Nitawaomba mnivumilie nianzie kwenye neno, kwa maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

1. Neno na pumzi yake

Kiswahili kinasema kupumzika, na ndani ya neno hilo mnasikia pumzi. Anayepumua, anayepumzika, hata anayeugua pumu, wote ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo kwetu kupumzika ni kurudishiwa pumzi. Fundi anayeshusha mfuko wa saruji na kusimama mkono kiunoni hahitaji kamusi kulielewa hilo.

Kiebrania nacho kina kitenzi kilichojengwa hivyo hivyo. Kimetokana na *nefesh*, neno lenye maana ya koo, pumzi, uhai na nafsi kwa pamoja. *Nefesh* ni ndugu wa *nafs* ya Kiarabu, tuliyoipokea sisi kama nafsi. Katika ukoo huo huo wa Kiarabu limo *nafas*, yaani pumzi, lililotupa neno nafasi. Basi mtu anapokwambia "sina nafasi", lugha inamfichua bila yeye kujua: anakueleza kwamba hana pa kupumulia.

Kitenzi hicho, kwa maana ya kurudiwa na pumzi, kinatokea mara 3 tu katika Agano la Kale zima. Yako mafungu mengi yanayotaja pumziko kwa maneno mengine, lakini haya matatu yanastahili kuwekwa meza moja, kwa sababu wahusika wake hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Kutoka 31 inasema kwamba baada ya siku 6 za uumbaji aliacha kazi, akavuta pumzi. Wa pili ni mtoto wa mjakazi, pamoja na mgeni, katika Kutoka 23. Wa tatu ni mfalme anayekimbia, katika Samweli wa Pili 16.

Aliye juu ya wote, aliye chini ya wote, na aliyekuwa juu akaanguka. Nitawachukua mmoja mmoja.

2. Mungu aliyevuta pumzi

Wanafunzi wangu huuliza: Mungu alichoka? Mwandishi wa Kutoka hana haja ya kujibu hilo. Anachotaka tukione ni kwamba kazi ya uumbaji ilikuwa na mwisho. Mungu alijua kusema imetosha. Katika Mwanzo 2 kitu cha kwanza kutakaswa si mlima wala hekalu, ni siku. Na mwanadamu, aliyeumbwa siku ya 6, alianza maisha yake kwa siku nzima ya kupumzika kabla hajashika jembe. Sisi tunalima kwanza ili tustahili kukaa. Yeye alikalishwa kwanza, kisha akapewa bustani.

Ukurasa huo una historia yake katika pwani yetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Juni ya mwaka huo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alifariki, na binti yao mchanga akafa naye. Krapf aliendelea na kazi. Sura 3 za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Hivyo miongoni mwa mistari ya kwanza kabisa ya Biblia kupigwa chapa kwa lugha hii imo ile ya siku ya 7. Aliyeitafsiri alikuwa mtu mwenye kaburi jipya nyuma yake. Ninapoisoma sura hiyo, siwezi tena kuiona kama habari ya mapumziko ya watu wenye raha.

3. Mtoto wa mjakazi

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili, na sababu zake zinatofautiana. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa: mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike sawa na wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri.

Kumbukeni Misri ilikuwaje. Katika Kutoka 5 Waisraeli wanaomba ruhusa ya kwenda kuabudu, na Farao anajibu kwamba ni wavivu. Anaamuru waokote majani wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Tangu siku hiyo kila Farao ametumia neno lilelile. Anayeomba pumzi huitwa mvivu.

Ndiyo maana Kutoka 23 haikuishia kwa mwenye shamba. Inashuka ngazi: ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi, mgeni. Na hapo chini kabisa ndipo inapotumia kitenzi kile kitakachotumika tena kwa Mungu katika sura ya 31. Mtoto asiye na mali na Muumba wa mbingu wanashiriki pumzi ya aina moja. Sijui sheria ya kale iliyosema jambo zito zaidi kwa neno dogo hivyo.

Pale Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali hapo likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, alikuwa pia mfasiri. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Katika mtambo wa uchapaji wa misheni yake walifundishwa kazi vijana waliokombolewa utumwani. Msomaji wa London alipofikia maneno ya kumkumbusha kwamba aliwahi kuwa mtumwa, alilazimika kuvuta picha. Vijana wa mtambo ule walihitaji tu kukumbuka.

4. Mfalme anayekimbia

Wa tatu ni Daudi. Absalomu, mwanawe wa kumzaa, amempindua. Mzee anatoka Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni miguu peku, analia. Njiani anatokea mtu aitwaye Shimei, anamrushia mawe na vumbi, anamlaani mbele ya askari wake. Mmoja wao, Abishai, anaomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi anakataa: mwacheni alaani. Wanaendelea kutembea, Shimei akiwafuata ubavuni mwa kilima. Kisha msimulizi anasema kwa ufupi kwamba walifika wamechoka, na hapo mfalme akarudiwa na pumzi.

Angalieni ni lini. Vita bado havijapiganwa. Absalomu yuko Yerusalemu anakusanya ushauri wa namna ya kummaliza. Daudi hana jumba wala hana uhakika wa kesho, na kilio kikubwa cha maisha yake bado kiko mbele. Pumzi imemrudia katikati ya shauri ambalo halijaisha.

Sisi husema: nikimaliza ada ya watoto nitapumzika, nyumba ikifika kwenye lenta nitapumzika, nikistaafu. Wahenga walituonya kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, nasi tumedhani ukingo ndio pumziko. Maandiko yanamkalisha mtu chini kabla ya ukingo. Na ona Daudi alichokiweka chini kabla ya kukaa: kisasi. Angemwachia Abishai upanga, angefika mahali pale akiwa na damu ya kuwaza. Kuna uchovu usiotibiwa na usingizi, kwa sababu mtu analala na Shimei wake kitandani.

5. Mhadhiri aliyeishiwa pumzi

Kwa kuwa tuko chuoni, niruhusuni niwaletee mwenzetu. Mwaka 386 mhadhiri mmoja wa balagha katika mji wa Milan aliona kifua kinambana. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste katika Algeria ya leo, na cheo chake kiliwatia wivu wengi. Katika kitabu chake cha Maungamo, mhadhiri huyo, Augustino, anasimulia kwamba kazi ya kufundisha ilikuwa imeyadhoofisha mapafu yake, akawa anapumua kwa shida. Mwili ulikuwa umetoa taarifa kabla ya roho kuandika barua. Alisubiri siku chache hadi likizo ya mavuno ya zabibu, akajiuzulu, akaenda mashambani Cassiciacum pamoja na mama yake Monika, mwanawe na marafiki. Huko alisoma Zaburi. Anaeleza hasa jinsi Zaburi ya 4 ilivyomtikisa, zaburi ya mtu anayekwenda kulala wakati maadui wake bado wako macho.

Alisomaje? Kwa sauti. Zaburi ya 1 inapomsifu anayetafakari sheria mchana na usiku, kitenzi chake cha Kiebrania ndicho Isaya anachokitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo na kwa njiwa anayelia. Kutafakari huko kunasikika. Bibi yangu aliyajua hayo bila Kiebrania. Alisoma kwa kidole na kwa midomo, mstari mmoja, akanyamaza, akaurudia ule ule. Nilipokuwa mtoto nilidhani anasoma polepole kwa sababu ya macho. Leo naona kwamba alikuwa akisoma kwa kadiri ya pumzi yake, na mstari ulipokwisha, pumzi iliingia. Nasi tunasoma sura 4 kwa siku ili tumalize Biblia kwa mwaka. Si vibaya. Lakini mara nyingine tunaokota tu majani ya matofali.

Augustino hakubaki Cassiciacum. Alibatizwa mwaka 387, akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, na hadi kifo chake mwaka 430 alisumbuliwa na kesi za watu, mahubiri na barua. Pumziko lilimrudisha kazini akiwa na pumzi ya kuwapa wengine.

6. Nira

Mwaliko wa Yesu kwa waliolemewa, mwishoni mwa Mathayo 11, mnaufahamu wote. Umeandikwa hata kwenye daladala. Wengi husahau kwamba katika mwaliko huo wa pumziko anatoa nira, chombo cha kazi. Wakulima wanaolima kwa maksai hawatashangaa. Dume changa hufundishwa kwa kufungwa pamoja na lililokwisha kuzoea. Hujifunza mwendo kwa bega la mwenzake. Na neno la Kigiriki tulilolitafsiri "laini" hutumika pia kwa kitu kinachofaa na kwa mtu mwenye fadhili. Nira isiyofaa huchubua shingo hata kama mzigo ni mdogo.

Sasa nawaomba msiishie hapo. Mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13. Mathayo hakuweka ukuta kati ya 11 na 12. Ukiendelea kusoma bila ukuta, mara tu baada ya mwaliko uko shambani siku ya Sabato, wanafunzi wana njaa, wanavunja masuke, na watu wa dini wanalalamika. Kisha sinagogi, na mtu mwenye mkono uliopooza. Yesu anautetea mdomo wenye njaa, anauponya mkono. Huo ndio ufafanuzi wake wa pumziko: sheria ya kupumzika isimnyime mtu pumzi.

7. Nani anaosha vyombo?

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa mwingine kila mara tunauona mwepesi. Nimehudhuria makongamano mengi ya kufanywa upya kiroho, nikapumzika vizuri, nikaimba, nikalia. Miaka ilipita kabla sijauliza ni nani aliyekuwa jikoni.

Jumapili, mwenye nyumba anarudi kutoka ibadani, anavua viatu, anasema leo ni siku ya Bwana. Dada wa kazi ameamka saa kumi usiku. Amepasha maji, amewavalisha watoto, amepika pilau ya wageni wa kanisani, na wageni wakiondoka kuna sufuria. Mlinzi yuko getini siku zote 7. Na mchungaji mwenyewe, aliyehubiri pumziko kwenye ibada mbili, jioni ana kikao na usiku ana mkesha. Tumelifanya kanisa kuwa mahali ambapo uchovu hupewa jina la bidii ya kiroho, na Farao angelielewa jina hilo.

Hoja yangu basi ni fupi. Pumziko la Maandiko haligawanyiki. Lilianzia kwa Mungu, likapewa mtoto wa mjakazi kwa neno lile lile, na anayelitafuta kwa kumpita mtoto huyo analala tu, hajapumzika. Anayetaka nafsi yake ifanywe upya aanze nyumbani kwake, kwa kutoa siku moja ya kweli, yenye mshahara, kwa aliye chini yake. Kisha afungue Zaburi, asome mstari mmoja kwa sauti.

Mkirudi nyumbani usiku huu, mlango utafunguliwa na mtu fulani. Mpeni pole na kazi. Atajibu "nimeshapoa", kwa sababu ni adabu. Simameni hapo kidogo mlangoni, mwone kama ni kweli.